Wanaorisiti na mliofaulu: mada gani ya Bailojia iliwaingia kwa kuishika mkononi? Tupeane uzoefu

Mleta uzi (Genge la Jioni):
Wakuu, habari za usiku. Nina miaka 31, nimejiandikisha kurudia Bailojia ya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mara ya kwanza nilipata F, na niliistahili. Nilimeza madesa ya watu kuanzia seli hadi jenetiki, nikafungua pepa nikakuta mchoro wa moyo hauna majina. Tukabaki tunatazamana, mimi na moyo.

Safari hii nasoma nikishafunga genge. Juzi nilikata kachumbari, nikatia chumvi mapema, nikaenda kumhudumia mteja wa vocha. Narudi nakuta bakuli lina maji na mimi sijatia hata tone. Nikasimama na kisu mkononi: kumbe osmosisi ndiyo hii! Maji yametoka ndani ya seli za vitunguu na nyanya, yamepita kwenye utando na kufuata chumvi huko nje. Kidato cha kwanza niliandika maana yake mara ishirini kama adhabu na sikuelewa kitu.

Nani mwingine yalimkuta? Msiniletee orodha ya vitabu, ninavyo.

Mtoto wa Buchani:
Mkuu, umenigusa kwenye moyo. Nimelelewa na baba mdogo mwenye bucha. Tulipofika mfumo wa damu, ticha akaniagiza moyo wa ng'ombe, mzima, mishipa isikatwe karibu. Kabla ya kuupasua akaushika wima, akamimina kikombe cha maji ndani ya aota, ule mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni. Tukategemea yamwagike chini. Yakakaa! Tukachungulia mmoja mmoja: vimfuko vitatu vimejaa maji na vimebanana, havipitishi kurudi chini. Hizo ndizo vali. Maji yakawa yanapungua polepole kupitia vitundu viwili vya pembeni, akatuambia hiyo ni milango ya ateri zinazoulisha moyo wenyewe.

Ndipo akapasua. Ukuta wa ventrikali (chumba cha chini cha moyo) ya kushoto ulikuwa mnene, wa kulia mwembamba unaokunjika. Akauliza kwa nini. Kimya. Akasema, "Wa kulia anapeleka damu mapafuni, hapo jirani tu. Wa kushoto anaipeleka mpaka kwenye ukucha wa mguu."

Na kwenye mchoro kumbuka kushoto kwa moyo ni kulia kwako wewe msomaji. Mwenye moyo amekugeukia. Hapo nimeona watu wamelia.

Kijiwe Namba 4:
Ongeza na ateri ya mapafu. Nilikariri "ateri hubeba damu yenye oksijeni", nikaitandika kila swali. Kumbe ateri ni mshipa unaotoka moyoni, basi. Ya mapafu inatoka moyoni na damu isiyo na oksijeni, inaenda kuichukua. Alama nne zilienda hivyo hivyo.

Fimbo ya Mkuyu:
Mimi mfugaji. Ticha alisema wadudu wana miguu 6, jamii ya buibui, nge na kupe wana 8. Nikanyoosha mkono: kupe wengine wana 6. Darasa likacheka. Jioni nikawatoa kwenye sikio la ndama wale wadogo kabisa, kama punje za ufuta, nikawaweka kwenye chupa ya dawa. Kesho yake tukawatazama kwa lenzi: sita! Ticha hakukasirika, alienda kusoma. Akarudi na jibu kwamba kupe anaanguliwa na miguu 6, na miwili ya kila upande inakuwa minne baada ya kunyonya damu na kujivua gamba mara ya kwanza.

Kijiwe Namba 4:
Mkuu, mitatu ya kila upande inakuwa minne. Ufugaji unao, hesabu hapana.

Fimbo ya Mkuyu:
😂 Sahihi. Usiku huu.

Bi Mwani:
Assalaam alaykum. Huku kwetu Pemba kinachotoka baharini kinaitwa samaki na mjadala umeisha. Nilipoambiwa pweza na ngisi ni jamaa wa konokono nilimwona mwalimu anatania. Siku hiyo hiyo shangazi ananipa ngisi niwasafishe. Unavuta kile kitu chembamba, cheupe kinachopitisha mwanga, mfano wa kipande cha plastiki. Tangu utoto nakitupa. Hilo ndilo gamba lake, limebaki ndani ya mwili. Konokono kalivaa nje, yeye kalimeza.

Chaki Nyeupe:
Nimefundisha somo hili miaka mingi, nichangie makosa mawili tu.

La kwanza, utoaji taka mwili. Ukiuliza mfano, nusu ya darasa wanaandika haja kubwa. Hapana. Kile ni chakula ambacho hakikumeng'enywa, kimepita kwenye bomba kikatokea upande wa pili, hakikuwahi kuingia kwenye seli. Taka za kweli ni zile seli zinazozalisha: kaboni dayoksaidi, au urea inayotengenezwa kwenye ini na kuchujwa na figo.

La pili, kupumua. Kiswahili chetu kinatumia neno hilo kwa kuvuta hewa, na shule ya msingi tuliishia hapo. Sekondari unakutana na kitu kingine, seli kuvunja glukosi ili ipate nishati. Muhogo hauna mapafu, lakini seli zake zinafanya hiyo kazi usiku na mchana.

Dada wa Maabara:
Kipimo cha wanga kwenye jani, jamani. Jani linachemshwa kwenye spiriti ili rangi ya kijani itoke, na spiriti haiwekwi juu ya moto. Inakaa kwenye bomba la kioo ndani ya maji ya moto, tena moto umeshazimwa. Mwenzetu mmoja alitaka kuwahi. Nyusi zake zilirudi baada ya likizo.

Tatu Mzuka:
Zile ngazi za uainishaji kutoka himaya hadi spishi, herufi zake kwa Kiingereza ni K, P, C, O, F, G, S. Sisi tuliimba: Kaka Peleka Chakula, Onja Futari, Gawa Sambusa.

Bi Mwani:
Kaka anaonja futari kabla ya magharibi?

Tatu Mzuka:
Hakufunga, ana homa.

Mleta uzi (Genge la Jioni):
Nimecheka hadi mwenye nyumba kagonga ukuta. Mtoto wa Buchani, kesho nataka kupasua figo. Ninunue la ng'ombe?

Mtoto wa Buchani:
La mbuzi. La ng'ombe lina mafundo mafundo kwa nje, utatafuta mchoro wa kitabu usiuone. La mbuzi ni laini, lina umbo la haragwe. Mwambie asilitoe mrija. Lipasue kwa urefu, mwanzo wa kisu uwe upande wa mgongo wa haragwe, na usiweke chumvi kabla hujamaliza kuchora.