Mpingo au mkurungu? Kipande cha shingo ya gitaa

gitaa_kirumba: Wakuu, natengeneza magitaa hapa Kirumba. Nimenunua kipande kwa mchonga vinyago, nataka kitoe ule ubao wa juu ya shingo unaopigiliwa vyuma. Kaapa ni mpingo, lakini mbona si mweusi? Ni kahawia iliyoiva, michirizi myeusi, zambarau kwa mbali, na pembeni ukanda mwembamba mweupe. Seremala jirani anasema ni mkurungu wa Tabora, nimepigwa. Kwenye ndoo ya maji kimezama. Hiyo inatosha?

mtumbwi_mwaloni: Mninga mkavu hauzami, mvule mkavu vilevile. Hao umeshawatoa.

Mzee_Randa: Mkavu, sawa. Mbichi unaweza kukudanganya, kwa hiyo ndoo peke yake haitoshi kijana.

Rangi iache kabisa. Mpingo mwingi uko hivyohivyo ulivyoeleza. Mimi nauogopa ule mweusi tii pande zote kama sufuria ya mama ntilie: ufute kwa kitambaa cheupe chenye spiriti, kikitoka na wino ujue umeuziwa kiwi ya viatu.

Kipige randa kiwe mraba, upime kwa rula, kisha kwenye mizani ya duka. Sentimita 50 kwa 7 kwa 1 ni ujazo wa 350. Mpingo mkavu huwa kama gramu 1.2 kwa kila sentimita ya ujazo, yaani utegemee gramu 420 hivi.

Halafu maranda. Tia kidogo kwenye glasi ya maji safi, iweke juani, nyuma yake kitambaa cheusi. Maji yakitoa mng'ao wa kibuluu, hiyo ni jamii ya mninga, na mkurungu ni ndugu yake. Mpingo ni ukoo mwingine, Dalbergia. Mwisho kata kichwa cha ubao kwa wembe mpya utazame kwa lenzi: vitundu vya mpingo ni vidogo mno, kwa macho matupu huvioni vizuri.

Na uvae barakoa. Vumbi lake linawasha ngozi na kifua.

binti_sengerema: Kaka, risiti na TP, kile kibali cha kusafirishia mazao ya misitu, unazo? Maafisa misitu hawajali kama ni gitaa au gogo. Ukifikiria wateja wa nje, mpingo uko Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017. Vyombo vya muziki vilivyokamilika vilisamehewa 2019, ubao mtupu bado unataka kibali.

gitaa_kirumba: Shikamoo Mzee. Nimepima, 50 kwa 7 kwa 1: gramu 430. Maji ya maranda hayang'ai. Dada, risiti ninayo, TP namfuata muuzaji leo.

Mzee_Randa: Marahaba. Mpingo huo. Usiukimbilie, unakauka polepole na kupasuka vichwani. Vipake nta ncha zote mbili, uweke kivulini, upime uzito kila mwezi. Ukiacha kupungua, ndipo ukate mifereji ya vyuma. Seremala wako mwambie aje na glasi.