Naomba ushauri: nafuatilia logi za kontena 12 kwa mpigo, nazidiwa

KijanaUyole: Wakuu, habari za jioni. Niko Mbeya, natunza mfumo wa kupokelea kahawa wa vyama vya msingi huko Mbozi. Mkulima akishapima, anapata ujumbe wa simu wenye kilo zake. Tangu juzi wengine hawaupati, wanarudi kwa karani wakiamini wamepunjwa. Inaniuma, maana kilo hizo ni ada za watoto.

Mfumo uko kwenye Kubernetes, programu ya kusimamia kontena (vifurushi vya kuendeshea programu). Zipo podi 12, kila moja imebeba kontena yake. Nimefungua madirisha 12 ya `kubectl logs -f`, amri ya kufuatilia logi, yaani kumbukumbu za matukio ya programu. Kontena ikijizima na kuwaka upya, dirisha linakatika na sijui lipi. Nikajaribu `-l app=mizani -f`, nichague podi zote kwa lebo yake, ikakataa.

FundiNjombe: Pole mkuu. Ukichagua kwa lebo, kikomo cha kawaida ni podi 5. Ongeza `--max-log-requests=12`, na usisahau `--prefix`, ili kila mstari uje na jina la podi yake. Pia kwa lebo unapewa mistari 10 tu ya mwisho; ya nyuma idai kwa `--tail`.

BintiKihesa: Hiyo itamvusha usiku huu tu. Podi mpya ikizaliwa, amri ile haiifuati. Weka stern, kaka, programu ya kufuatilia logi za podi nyingi kwa pamoja. Andika `stern mizani --since 15m`: inashika kila podi yenye neno hilo kwenye jina, kila moja na rangi yake, na mpya zikija inazidaka yenyewe. Mimi hapa Iringa siku hizi sifungui dirisha la pili.

Kontena iliyokufa isomee kwa `kubectl logs jina-la-podi --previous`. Wahi, kwa sababu podi yenyewe ikifutwa, logi zake nazo zinakwenda. Ndiyo maana baadaye utahitaji pa kuzihifadhi, mfano Loki.

MzeeWaSeva: Na kila upimaji upewe namba yake, iandikwe kwenye kila mstari wa logi. Bila hiyo utaona mistari mingi na mkulima wako humpati.

KijanaUyole: Asanteni sana, dada BintiKihesa hasa. Stern imeonyesha podi mbili zinakatika katikati ya kutuma. `kubectl describe pod` inasema OOMKilled, kumbe memori imezidi kikomo. Kilo zote zipo salama kwenye hifadhidata. Naongeza kikomo, natuma upya ujumbe uliokwama, asubuhi nawapigia makarani wa Vwawa.

MzeeWaSeva: Kabla ya kutuma upya, hakikisha waliokwisha kupata hawatumiwi mara mbili. Mkulima akiona kilo zimejirudia, atadai malipo mara mbili, na atakuwa na haki.