Nyama choma na samaki wa kuchoma, Mtwara hadi Masasi, nikiwa na mbwa wawili: nisimame wapi?

MamaChui:
Wakuu, habari za jioni. Swali langu ni la watu wa Mtwara na Lindi hasa, ila yeyote aliyewahi kusafiri na mbwa namsikiliza.

Nimehamia Mtwara tangu Februari, kikazi. Nimezaliwa na kukulia Arusha, na kwetu Jumapili bila mbuzi jikoni haijawa Jumapili. Nina mbwa wawili. Chui ni wa kienyeji, madoadoa kama jina lake, ana miaka sita. Rupia ni jike, bado mdogo, nilimwokota hapahapa Shangani akiwa amejaa funza miguuni. Kuwaacha siwezi. Jirani aliyekuwa ananilishia amehama, na Rupia nikichelewa tu kurudi anasusa chakula.

Nina siku nne. Nimepanga hivi: Mtwara, Mikindani, nalala Lindi mjini. Kesho yake narudi Mnazi Mmoja, nakamata njia ya Mtama, Nyangao, Ndanda, nalala Masasi. Halafu napanda Newala, nashukia Tandahimba, nyumbani. Kila ninaposimama nataka kuonja kilichopo juu ya mkaa, iwe pweza, changu, mbuzi au kuku. Hoteli sitaki. Nataka pale penye moshi na benchi.

Shida yangu ni hii. Mwezi uliopita nilikwenda jioni kwa mama mmoja anayechoma pweza, hapa mjini. Nikamfunga Chui kwenye mguu wa benchi. Nageuka kuchukua pilipili, nasikia maji. Ameingiza mdomo kwenye ndoo ya kunawia, anakunywa. Yule mama hakusema neno. Alinyanyua ndoo, akaenda kumwaga nyuma ya ukuta, akaiacha hukohuko. Wateja wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wengine pweza wao bado uko motoni. Nililipa nikaondoka, na mpaka leo sijapita pale. Angenifokea ingekuwa nafuu.

Sasa sitaki kumfanyia mtu mwingine hivyo kwenye barabara nzima ya Kusini. Wapi wanapokea mbwa, na nifanyeje?

MzeeWaMingoyo:
Mwanangu, karibu Kusini, na pole.

Nikueleze kwanza lililotokea, maana naona limekukaa moyoni. Wengi wa huku pwani ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii. Mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alicholamba huoshwa mara saba, na moja katika hizo iwe kwa udongo. Yule mama hakukuchukia wewe wala mbwa wako. Alikuwa ameharibikiwa ndoo ya biashara mbele ya wateja, jioni, saa ya kuuza. Alinyamaza kwa sababu wewe ni mgeni.

Mimi mwenyewe ni Mwislamu na nimefuga mbwa miaka yote, wa kulinda shamba la korosho na kufukuza nguruwe pori kwenye mihogo. Mbwa wa kulinda shamba dini haikunikataza. Mbwa mkavu akipita karibu na kanzu kavu hakuna neno. Maji ndiyo yenye kazi: mate, pua yenye unyevu, manyoya yaliyolowa. Ukilielewa hilo, utakula popote.

Usishuke na mbwa. Egesha ng'ambo ya barabara, chini ya mwembe kama upo, upande ambao upepo hautoki kwao kwenda jikoni. Shuka peke yako, toa salamu, ukikuta mtu mzima anza na shikamoo. Kisha sema: "Nina mbwa wawili garini, nitawaweka kule, hawatasogea hapa, mnaniruhusu?" Nimesafiri sana njia hiyo na sijawahi kukataliwa nikiuliza hivyo. Waliouliza baada ya mbwa kushuka ndio waliokataliwa. Maji yao beba mwenyewe, bakuli lao, na usiombe sahani ya mtu hata ya plastiki. Ukimaliza kuwashika, nawa kwa maji yako kabla hujarudi mezani. Na wakati wa magharibi subiri kidogo, watu wana udhu.

Sasa chakula. Lindi nenda kwa ajili ya pweza, lakini angalia mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hutoka mbali na watu huenda mwambani kuchokoa, kwa hiyo jioni unakula pweza wa asubuhi ileile. Muulize mchomaji amempata lini. Aliyepondwa vizuri na kuchemshwa kwanza, mkia wake ukiubana kwa vidole unaachia. Akivuta kama mpira, mwache.

Mbuzi msubiri mpaka upite Mtama. Pwani ni nchi ya samaki.

Bwana_Mifugo_Kusini:
Dada, Mzee amemaliza upande wa watu. Mimi niseme upande wa mbwa, maana nimetibu wengi waliotoka kwenye safari za aina hii.

Usiwape mifupa iliyopita motoni. Mfupa mbichi hutafunika, uliochomwa hupasuka vipande vyenye ncha, na wa kuku ndio mbaya zaidi. Mishkaki usiwape kabisa, imelazwa kwenye kitunguu saumu na tangawizi, na vitunguu vya aina zote huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kachumbari vilevile. Mwambie mchomaji akukatie kipande pembeni kabla hajanyunyizia maji ya chumvi. Anakuelewa tu.

Ufukweni, Lindi na Mikindani, wafunge. Wavuvi wakitoa bunju kwenye nyavu humtupa mchangani, na sumu yake haiondoki kwa jua wala kwa moto. Nimeletewa mbwa aliyekula bunju saa moja tu kabla. Miguu ya nyuma ilikuwa imeshalegea, macho yanaona, ananitazama, hawezi kuinua kichwa. Sikuweza kumwokoa.

Njia ya Masasi na Newala utapita kwenye korosho mwanzo mwisho. Watu hubangua na kuchoma korosho uani, na maganda hubaki chini. Yale mafuta ya ganda huunguza ngozi ya mtu, sembuse ulimi wa mbwa. Kama unakwenda Oktoba au Novemba, mabibo nayo huoza chini ya miti na kugeuka pombe. Mbwa huyapenda.

Gari likisimama juani usiwafungie ndani hata kama dirisha umeliacha wazi kidogo. Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa iwe mkononi. Na mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Kipepeo_Mtwara:
Mimi nasema ukweli, mbwa wabaki nyumbani. Watu wanakula.

MamaPwezaFeri:
Kipepeo, mimi ndiye ninayechoma, na nasema aje. Mteja anayeuliza kwanza hanipi shida. Anayenipa shida ni yule anayeegesha mlangoni akaniambia "hana neno huyu, mpole". Upole wa mbwa haunisaidii chochote ndoo ikishalambwa.

MamaChui, ongeza moja: usimtupie mbwa kipande ukiwa umekaa benchi langu. Ukimtupia mara moja, paka na mbwa wa mtaa mzima wanahamia kwangu, na wewe umeshaondoka. Nenda kawalishie garini.

MamaChui:
Asanteni sana, wote. Kipepeo, nimekusikia pia.

Jana kabla ya yote nilikwenda kwa yule mama na ndoo mpya, ya lita 20, yenye mfuniko. Chui nilimwacha nyumbani. Mama aliniambia ile ya zamani ameshaiosha kwa mchanga, iko kazini, akanionyesha. Mpya akaipokea, atabebea samaki kutoka feri. Tukakaa. Akaniambia siku ile aliuza pweza nusu tu. Nikamwomba radhi kwa hilo hasa, si kwa ndoo. Natoka kesho alfajiri.

MamaChui (siku tano baadaye):
Nimerudi. Nawaandikia nikiwa bado nanuka moshi.

Mikindani nilisimama asubuhi mno, hakuna aliyekuwa amewasha moto, nikapita.

Lindi ilikuwa siku ya pili ya bamvua, Mzee, nakushukuru. Niliegesha ng'ambo, nikashuka peke yangu, nikasema maneno yako kama ulivyoyaandika. Mchomaji alikuwa kijana, akamwangalia bibi aliyekaa nyuma yake, bibi akatikisa kichwa kukubali. Pweza alikuwa mwekundu wa kuiva, ncha za mikia zimekauka zinakatika mdomoni kama bisi, katikati laini. Juu ukwaju na pilipili, basi. Hakukuwa na limau wala nyanya, na sikuona pengo lake. Nilirudia mara mbili. Nikanawa kwa dumu langu mbele yao kila nilipotoka garini, na mara ya pili bibi akaniuliza majina ya mbwa.

Ndanda hewa ni nyingine, kuna maji, kuna miti, mbwa walipumzika saa nzima. Kuku wa kuchoma alikuwa mkavu, alikaa motoni muda mrefu akimsubiri mteja.

Masasi ndiyo niliyotaka kuwaambia. Kule mbuzi wapo, na wanajua. Nilikuta jiko la pipa lililopasuliwa katikati, chini ya yale majabali, na mchomaji mtu mzima, Mmakonde, anachoma paja zima bila kulikata. Kwetu Arusha tunakata mapema ili liive haraka. Yeye alilining'iniza juu, mbali na mkaa, akageuza kila alipomaliza kuhudumia mtu, na chumvi hakuitia mpaka mwisho. Nilisubiri saa moja na nusu. Alipolipasua, maji yalitoka yakashuka kwenye ubao, na yeye akayafuta kwa kipande cha ugali akanipa kwanza hicho ugali. Nimekula mbuzi maisha yangu yote, na sijawahi kupewa mbuzi kwa mpangilio ule. Mbwa aliwakatia mwenyewe kabla ya chumvi, sikumaliza hata kusema. Amefuga mbwa wa kuwinda tangu utotoni.

Masasi kuna kitimoto pia, kwenye vibanda vyake pembeni, na huko hakuna aliyeniuliza habari ya mbwa. Nyama ilikuwa nzuri, mafuta mengi.

Newala baridi, na maji ni ya kubeba. Uwanda wote ule sikuona kijito. Nilikuwa na madumu matatu, nikarudi na nusu dumu. Anayekwenda na mbwa abebe manne.

Bwana Mifugo, swali moja. Rupia anakuna sikio la kushoto tangu Nyangao. Nimemtoa kupe watatu, ila bado anatingisha kichwa, na leo hajamaliza chakula.

Bwana_Mifugo_Kusini:
Mlete kesho saa mbili asubuhi, kabla jua halijakaza. Kama kupe hujawatupa, waje kwenye kichupa. Usimwagie mafuta ya taa wala dawa ya mtu kwenye sikio, na usiku huu angalia fizi zake. Ukiona zimekuwa nyeupe, usingoje asubuhi, niandikie hapahapa.

MamaChui:
Fizi bado zina rangi yake. Kupe ninao kwenye chupa ya pilipili ya Lindi, ilikuwa imeisha. Saa mbili nitakuwa hapo.