Taa za breki za Volkswagen ya 1969 hazionekani jua likiwaka: nibadilishe globu tu au kuna kazi zaidi?

BintiWaTanga:

Habari zenu wadau. Nina Volkswagen Beetle ya mwaka 1969, ya marehemu baba. Miaka yote ililala nje kule Tanga, hatua chache kutoka baharini, na mwaka jana nikaihamishia Moshi. Injini iko vizuri na breki zinashika. Shida ni taa za nyuma, zile zenye umbo la pasi, ambazo baba alizing'arisha kila Jumamosi huku mimi nimemshikia ndoo.

Wiki iliyopita narudi kutoka Himo, jua linazama mbele yetu, punda wakakatiza barabara. Nikakanyaga breki. Lori lililokuwa nyuma yangu likalia matairi, likasimama karibu kabisa na bampa. Dereva alishuka, nikajua leo nitatukanwa. Hakunitukana. Aliniomba nikanyage breki tena yeye akiangalia, kisha akasema: "Dada, ya kushoto siioni kabisa, ya kulia inawaka kama kibatari." Tangu siku hiyo sijaitoa gari nje ya geti.

Nilinunua globu za LED nyeupe. Kwenye lenzi nyekundu zikatoa rangi ya waridi, na taa ndogo zikiwa zimewashwa, ukikanyaga breki huoni tofauti yoyote. Nimezitoa. Fundi mmoja anasema niweke globu ya wati nyingi zaidi. Mwingine anataka kukata bodi aweke taa za gari la kisasa, huyo nimemwambia hapana. Mkia wa gari hili ubaki alivyouacha baba.

Naomba ushauri: nitapataje mwanga wa kutosha bila kutoboa bati? Na taa ya tatu ya breki, ile ya juu, inafaa kwa gari la namna hii?

FundiWaya_Korogwe:

Pole dada, na umshukuru Mungu kwa yule dereva. Usinunue kitu kwanza. Azima mita. Pima betri, halafu mtu akanyage breki upime pale kwenye holda ya kila taa, waya mmoja wa mita kwenye kiini cha globu na mwingine kwenye bati la holda. Kama betri ina volti 12.6 na kwenye taa unapata 10, globu inatoa chini ya nusu ya mwanga wake. Watu wengi hawaamini, lakini mwanga wa globu ya waya, ile ya kawaida isiyo LED, hushuka haraka kuliko volti zinavyoshuka.

Gari la pwani mara nyingi linaumwa erthi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bati la gari. Fungua taa, tafuta waya wa kahawia, ndio erthi kwenye Volkswagen. Sugua kwa msasa mpaka bati ling'ae, hata kichwa cha skrubu usikiache, kisha paka grisi kidogo. Sugua na holda ndani. Angalia pia bakuli la taa: ile fedha ya ndani ikishababuka, mwanga unanywewa na kutu. Puliza rangi ya fedha inayong'aa, bei yake ndogo na utashangaa.

Globu ya wati nyingi USIWEKE. Iliyokusudiwa ni 21/5, wati 21 za breki na 5 za taa ndogo. Ukizidisha utayeyusha lenzi, na lenzi nzuri ya mwaka huo si rahisi kuipata tena.

Injini_Nyuma:

Mwanangu, fundi amesema kweli ila bado kuna swichi. Kwenye Beetle swichi ya breki haipo kwenye pedali, imefungwa kwenye masta silinda, ile pampu ya mafuta ya breki, na inawashwa na msukumo wa mafuta ya breki. Ikichoka, lazima ukanyage kwa nguvu ndipo taa iwake. Ukigusa taratibu tu, wa nyuma yako haoni kitu ingawa gari linapungua mwendo. Jaribu hivi: mtu asimame nyuma, wewe kanyaga polepole sana, akwambie taa inawaka wakati gani.

Inachoka kwa sababu umeme wote wa taa hizo mbili, karibu ampea 3.5, unapita humo humo. Mimi yangu niliiwekea swichi mpya na relei, yaani swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Waya mweusi wenye mstari mwekundu, ule wa breki, ukaishia kuamsha relei tu kule chumba cha injini. Umeme wa taa zenyewe nimeutoa moja kwa moja kwenye betri chini ya kiti cha nyuma, na fyuzi ya ampea 10 karibu kabisa na betri. Usiruke hiyo fyuzi. Na ukishafungua kiti, hakikisha betri ina kifuniko. Springi za kiti zikigusa vichwa vya betri, gari linaungua. Nimeliona kwa macho yangu.

Ukifungua swichi weka kitambaa chini, mafuta ya breki yanakula rangi. Usiache pedali ikanyagwe wakati huo, na hewa ikiingia utoe kabla ya kuendesha.

Zawadi_LED:

Dada, LED zenyewe hazina kosa, ulipewa rangi isiyofaa. Lenzi nyekundu inapitisha mwanga mwekundu tu, na LED nyeupe ina wekundu kidogo. Chukua nyekundu, soketi ya BAY15d (kitako cha globu ya breki na taa ndogo kwa pamoja), yenye vitaa hata ubavuni ili bakuli lipate cha kurudisha nyuma. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji aiwashe taa ndogo halafu breki. Kama tofauti si kubwa, iache hapo hapo.

Faida yake kubwa ni muda. Globu ya waya huchukua kama sehemu ya tano ya sekunde kufikia mwanga wake. Kwa kilomita 80 kwa saa hizo ni mita nne na nusu hivi. Kwa lori lenye mzigo, mita nne na nusu ni uhai wako. Indiketa ziache na globu za kawaida, maana flasha ya zamani, kile kifaa cha kupepesa indiketa, haitapepesa sawasawa na LED.

Taa ya tatu weka. Marekani iliifanya lazima kwa magari madogo ya kuanzia modeli ya 1986. Kuna ukanda mwembamba wa LED unaobandikwa ndani ya kioo cha nyuma, waya unapita chini ya mpira. Hutoboi chochote.

BintiWaTanga:

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Nimepima leo asubuhi. Betri 12.5, kulia 10.4, kushoto 8.9! Erthi ya kushoto ilikuwa unga wa kijani mtupu. Baada ya msasa imepanda hadi 11.3, kwa globu zile zile za zamani. Kijana wangu alisimama nyuma nikakanyaga taratibu kama mzee alivyosema: pedali imefika karibu katikati ndipo taa ikawaka. Kwa hiyo swichi na relei nafanya Jumamosi, na gari halitoki getini mpaka hapo.

Zawadi, huo ukanda wa kioo, waya wake niuunganishe baada ya relei au kabla?

Zawadi_LED:

Baada ya relei dada, pamoja na waya wa taa ya kushoto. Kabla ya kubandika futa kioo kwa spiriti.