Poka ya Texas Hold'em (mbili mkononi, tano za pamoja mezani), 7-6 za kopa, dau dogo: niingie au nitupe?

Meza ya watu tisa, wengi wanafuata tu bila kupandisha. Nikiwa kiti cha mwanzo (kati ya wanaotangulia kucheza) na 7-6 za kopa, au jozi ya 4, inalipa kufuata?

— Jozi ya 4 sawa, mradi wewe na mpinzani mna chipu angalau mara 15 hadi 20 ya dau. Karata nyingine ya 4, ya kukufikisha 4 tatu, hutokea takriban mara 1 kati ya 8.5 karata tatu za kwanza za mezani zikifunuliwa. Isipotokea na mtu akabeti, tupa.

— 7-6 hapo tupa! Wa nyuma akipandisha, umenasa. Ingia ukiwa wa mwisho kucheza. Floshi (karata tano za kopa) kwenye hizo tatu za kwanza haifiki asilimia 1; kupata kopa nne, karibu asilimia 11. Tena mwenye ree ya kopa anaweza kukumaliza kwa floshi kubwa kuliko yako.

— Na makato ya kasino yanaumiza zaidi pesa za mezani zikiwa kidogo.