Nipo raundi ya tatu ya usaili, sasa wanataka niwajengee mfumo mzima bure. Nifanyeje?

Wakuu, habari za jioni. Naandika programu, nipo Mwanza, mwaka wa tatu kazini. Mwezi uliopita niliomba kazi kwenye kampuni moja ya teknolojia (jina naliacha), ya kufanyia nyumbani.

Raundi ya kwanza ilikuwa maongezi tu. Ya pili ndiyo iliyonitoa jasho. Unaonyesha skrini yako, jamaa wawili wamezima kamera, unaambiwa utafute kwenye orodha namba mbili ambazo jumla yake ni kiasi fulani, huku unaeleza kwa sauti unachowaza. Nikaweka lupu mbili (amri za kurudia hatua), moja ndani ya nyingine, yaani kila namba inajaribiwa na nyingine zote, na hiyo ni polepole orodha ikiwa ndefu. Wakauliza, "Orodha ikiwa na namba milioni moja?" Nikatoa macho. Usiku naosha vyombo ndipo nikakumbuka: unapita mara moja tu, ukihifadhi namba ulizokwisha kuziona. Nilijua nimefeli, kumbe nimepita!

Sasa wamenitumia "kazi ya majaribio": mfumo wa kupokea malipo ya M-Pesa na Airtel Money, pamoja na ripoti zake, siku tano, bila hata shilingi. Na maelekezo yenyewe yana nembo ya duka fulani. Jaribio gani lina nembo ya mteja?

Waliopitia haya, niwaombe malipo, au nitengeneze kipande kidogo tu nikieleze kwa mdomo? Kazi naihitaji kweli, kodi ya nyumba inaisha mwezi huu. Na suala la mshahara, niulize sasa au nivute subira?