Naomba ushauri: nawakaribisha wenzangu wa kazini uani, nina wasiwasi

Habari zenu wakuu. Nipo Mbeya, Uyole. Jumamosi ijayo nimewaalika wenzangu wa kazini, kama watu kumi na tano, tule na kupiga soga uani. Si sherehe, hakuna kadi wala michango. Ila mimi si mtu wa watu. Mgeni akinyamaza kidogo tu naanza kuhisi kachoka na kwangu.

Kinachoniumiza kichwa zaidi ni baridi. Mnaoijua Uyole ya Julai mnanielewa, jua likishazama kila mtu anatafuta koti. Nianze saa saba mchana ili jioni watawanyike, au niwashe kuni tuote moto hadi usiku? Kuwaingiza ndani na jiko la mkaa sitaki hata kusikia, hewa ile inaua na wala haina harufu.

Chakula ni wali wa Kyela, ndizi, viazi na nyama choma. Kuna wapenzi wa kitimoto (na wameshaanza kuulizia!) na kuna Waislamu. Jiko la kuchomea ni moja, kwa hiyo naona tuchome mbuzi na kuku tu, achinje Muislamu. Watakaonuna wanune.

Halafu mke wangu anasema nikodi spika, wakati jirani ana kichanga. Bila muziki mnawachangamshaje wageni? Karata zinatosha? Na hivi bosi naye nimwalike, au ndiyo nitakuwa nimewafunga watu midomo?